Beji ni mali: bila daftari hupotea bila habari

Kila unapokaribia mwezi wa Julai, wafanyabiashara wa Kariakoo na Posta wanaochukua mabanda katika viwanja vya Sabasaba, Barabara ya Kilwa, hukaa chini na kupiga hesabu. Kodi ya banda, usafiri wa bidhaa, posho za vijana wa mauzo, mabango, vipeperushi na chakula cha mchana, vyote huandikwa. Kitu kimoja huachwa mara nyingi nje ya hesabu hiyo, nacho ni kile kipande cha kadi kinachoning'inia shingoni mwa mfanyakazi: beji.

Sababu ya kukisahau inaeleweka. Kuchapisha beji moja ni nafuu kuliko kuchapisha bango, na aghalabu mwandaaji wa maonyesho hutoa beji kadhaa pamoja na banda. Mfanyabiashara huzipokea zikiwa ndani ya bahasha, huzigawa harakaharaka asubuhi ya siku ya kwanza, na hazikumbuki tena mpaka siku atakapokuta simu tatu zimetoweka kabatini na hakuna kufuli lililovunjwa.

Hapo ndipo swali huulizwa: nani aliingia? Na kwa kuwa beji saba zilitolewa, nne zikabadilishana shingo na moja ikapotea bila mtu kutoa taarifa, swali hilo hukosa jibu.

UFUNGUO, SI PAMBO

Beji ya kazi inayostahili jina hilo hujibu maswali manne kwa mara moja. Mwenye nayo ni nani? Anafanya kazi kwa nani? Anaruhusiwa kufika wapi? Na kwa siku na saa zipi? Beji iliyoandikwa "MFANYAKAZI" peke yake haijibu hata moja kati ya hayo. Inamwambia mlinzi jambo moja tu, kwamba kuna mtu mahali fulani mwenye mashine ya kuchapa.

Dukani Kariakoo tatizo hili si kubwa. Tajiri hukaa karibu na mlango, anawajua watu wake kwa sura na kwa sauti, na mgeni akipita nyuma ya kaunta huonekana papo hapo. Kwenye maonyesho, tamasha, harusi kubwa au mkutano wa wanahisa mambo hugeuka. Mlinzi wa getini ameletwa na kampuni nyingine, hamjui tajiri wala vijana wake. Vibarua wameajiriwa kwa wiki mbili. Wapishi, mafundi umeme, wapiga picha na wachukuzi wanaingia na kutoka kutwa nzima. Katika hali hiyo sura haifanyi kazi tena, na badala yake hutumika beji.

Ndiyo maana wazoefu wa biashara hii huichukulia beji kama ufunguo wa ghala. Hakuna mfanyabiashara anayetengeneza funguo kumi za ghala lake na kuzigawa bila kuandika nani amechukua upi. Lakini wengi wanafanya hivyo hivyo na beji, wakati kazi yake ni ile ile.

Aidha, hasara kubwa kwenye shughuli za aina hii haiji na mtu aliyeruka ukuta usiku. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huja na mtu aliyepita mlangoni mchana, akiwa na beji halali aliyoazimwa na binamu yake.

SOMO LA VITAMBULISHO VYA MWAKA 2018

Kariakoo ina mfano wake wenyewe wa jambo hili, na wafanyabiashara wengi bado wanaukumbuka. Desemba 2018, Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho 670,000 vya wafanyabiashara wadogo ili vigawiwe nchi nzima. Kila kimoja kilitolewa kwa Sh. 20,000, kwa mfanyabiashara ambaye mauzo yake hayazidi Sh. milioni 4 kwa mwaka. Lengo lilikuwa kumkinga mmachinga dhidi ya kubughudhiwa na kutozwa ushuru mdogo mdogo kila kukicha.

Kwa upande wa uharaka, mpango ule ulifanikiwa kufika mitaani kwa muda mfupi. Hata hivyo, vitambulisho vya awali vilikuwa na namba bila jina wala picha ya mwenye navyo. Mtu aliyekishika ndiye aliyekuwa mwenye nacho, kama noti. Mgambo aliyekutana na muuza soksi mwenye kadi hakuwa na njia ya kujua papo hapo kama kadi ile ilitolewa kwake, kwa kaka yake, au kwa mwenye duka la jumla aliyemtuma kuuza nje. Baadaye serikali ilileta vitambulisho vilivyoboreshwa, vyenye jina na picha.

Somo kwa mwandaaji wa shughuli yoyote ni jepesi. Kadi isiyo na jina wala picha ni hati ya aliyeishika, na hati ya aliyeishika lazima ihesabiwe kila jioni kama fedha taslimu. Kadi yenye jina na picha humfunga mtu mmoja, kwa hiyo huazimika kwa shida zaidi. Anayechagua aina ya kwanza kwa sababu ya uharaka au unafuu awe tayari kwa kazi ya kuhesabu. Asiyetaka kuhesabu alipe picha.

DAFTARI KWANZA, MASHINE BAADAYE

Wafanyabiashara wana msemo wao wa siku nyingi kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika suala la beji msemo huo ndio mfumo mzima. Kadi, kamba ya shingoni na mashine ya kusoma alama ni vyombo tu. Kinachoamua ni orodha.

Orodha yenyewe haihitaji kompyuta. Daftari la mistari linatosha kwa banda la watu sita, na linahitaji safu nane: namba ya beji, jina kamili, kazi, namba ya simu, sehemu anayoruhusiwa kufika, siku anazofanya kazi, sahihi ya kupokea na sahihi ya kurudisha. Safu ya mwisho ndiyo inayorukwa na wengi, na ndiyo yenye thamani kuliko zote.

Juu ya daftari hilo kuna kanuni nne ambazo wasimamizi wazuri hawazivunji.

Ya kwanza, mtu mmoja tu ndiye anayeidhinisha jina kuingia. Wakiwa wawili, kila mmoja atadhani mwenzake amekagua, na mwisho wa siku orodha itakuwa na shemeji wa kila mtu.

Ya pili, beji za akiba hufungiwa na kuhesabiwa jioni. Beji tupu zilizoachwa mezani ni hatari kuliko beji iliyopotea, kwa sababu iliyopotea ina namba inayojulikana.

Ya tatu, beji ikipotea, namba yake hupelekwa getini saa ile ile, na mfanyakazi hupewa beji mpya yenye namba mpya. Kosa la kawaida ni kumchapishia nyingine yenye namba ile ile. Kufanya hivyo ni kuhalalisha beji mbili kwa mtu mmoja, na ya pili iko mikononi mwa asiyejulikana.

Ya nne, mfanyakazi akiacha au akiachishwa kazi katikati ya shughuli, jina lake hufutwa kabla hajafika kituo cha daladala. Kijana aliyeondoka kwa hasira akiwa na beji mfukoni anajua kabati liko wapi, linafungwa saa ngapi, na nani hulala usingizi mzito zamu ya usiku.

Kuna pia suala la muda. Waandaaji makini hutoa siku ya mwisho ya kupokea majina, nayo huwa siku kadhaa kabla ya ufunguzi. Mfanyabiashara anayeichukulia siku hiyo kama pendekezo hujikuta asubuhi ya ufunguzi akibembeleza getini, na hapo ndipo vishoka hupata soko. Beji inayouzwa nje ya geti mara nyingi imetoka ndani ya geti, kwenye bahasha ya mshiriki aliyeomba kumi wakati ana watu sita.

RANGI, NAMBA NA SAA

Beji nzuri husomeka kwa mlinzi aliyesimama hatua tatu mbali, mchana wa jua kali au usiku wa taa hafifu. Kwa hiyo rangi hubeba ujumbe mkuu, na maandishi madogo hubeba mengine. Utaratibu wa kawaida ni rangi moja kwa kila kundi: waandaaji, washiriki wa mabanda, watoa huduma, waandishi wa habari, walinzi. Herufi au namba kubwa huonyesha sehemu. Mathalani 1 ni uwanja wa wote, 2 ni nyuma ya jukwaa, 3 ni ghala na mitambo, 4 ni ofisi ya fedha. Mpishi mwenye 1 na 3 akionekana mlangoni pa 4, mlinzi hahitaji kumuuliza chochote. Anamrudisha.

Wageni wa biashara hii husahau kwamba sehemu ni nusu ya habari na saa ni nusu nyingine. Nyakati za hatari kuliko zote ni mbili: siku za kupanga mabanda kabla ya ufunguzi, na saa za kufunga siku ya mwisho. Katika nyakati hizo mageti yako wazi kwa magari, vibarua ni wengi, wenye mali wamechoka, na kila mtu amebeba boksi. Mtu anayebeba boksi katikati ya watu wanaobeba maboksi haonekani. Ndiyo maana beji za vibarua wa kupanga na kubomoa zinapaswa kuwa za rangi ya peke yake na ziishe nguvu siku hiyo hiyo. Wengine hutumia mikanda ya mkononi ya karatasi ngumu, ambayo haivuliki bila kukatwa, na rangi hubadilishwa kila siku bila kutangazwa mapema.

Jambo la tatu ni mzigo. Beji humruhusu mtu kuingia, lakini haipasi kuruhusu bidhaa kutoka. Kwa bidhaa inahitajika hati ya kutoa mzigo, yenye idadi, aina na sahihi ya mwenye banda, na mfano wa sahihi hiyo uwe umekwisha kukabidhiwa getini siku ya kwanza. Gari nalo liwe na pasi yake, tofauti na beji ya dereva. Dereva akibadilishwa, pasi ya gari haimwingizi dereva mpya, na gari likibadilishwa, beji ya dereva haiingizi gari jipya. Wafanyabiashara wengi hulalamika kwamba utaratibu huu unachelewesha. Wanaolalamika zaidi ni wale ambao bado hawajaibiwa.

POSTA ILIPOKUWA UKUMBI MMOJA

Kwa siku mbili, Januari 27 na 28 mwaka 2025, wafanyabiashara wa katikati ya jiji waliuona mfumo huu kwa ukubwa wake wote. Viongozi wa nchi za Afrika walikutana katika Kituo cha Kimataifa cha Mikutano cha Julius Nyerere, Posta, kwa ajili ya mkutano wa nishati ulioitwa Misheni 300, ambao lengo lake ni kuwafikishia umeme watu milioni 300 barani Afrika ifikapo mwaka 2030. Barabara kadhaa zilifungwa kwa nyakati tofauti, na watumishi wa umma jijini wakaelekezwa kufanyia kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao majukumu yao yaliwahitaji kuwepo.

Kwa mwenye duka la vitabu au mgahawa wa maeneo hayo zilikuwa siku za biashara nyembamba. Lakini mkutano wa aina hiyo una upande wa pili. Huhitaji chakula, maua, viti, vyombo vya sauti, jenereta, wakalimani, magari na mikono ya kufanya kazi. Fedha hiyo huenda kwa watoa huduma, na mtoa huduma asiyeweza kuwapitisha watu wake getini hana huduma ya kuuza.

Katika mikutano mikubwa ya viongozi, majina ya watoa huduma hupelekwa mapema na kuchunguzwa na vyombo vya usalama, na aliyekosekana kwenye orodha haongezwi kwa simu. Mpishi mkuu akiugua usiku, mbadala wake lazima awe tayari ana jina humo. Kwa hiyo kampuni inayotafuta kazi za aina hii huweka watu wa akiba kwenye orodha tangu mwanzo, wakiwa na picha na nakala za vitambulisho vya Taifa. Chakula cha watu mia mbili kinaweza kupoa nje ya kizuizi kwa sababu ya dereva mmoja, na malipo ya chakula kilichopoa huwa ni mjadala mrefu.

KARATASI, PLASTIKI AU CHIPU

Baada ya orodha ndipo huja uchaguzi wa chombo. Sokoni kuna ngazi nne.

Ya chini kabisa ni karatasi ngumu ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na kamba ya shingoni. Vifaa hivi hupatikana katika maduka ya vifaa vya ofisi Posta na Kariakoo. Inafaa kwa shughuli ya siku moja yenye watu wasiozidi mia, mradi picha ibandikwe na mhuri upite juu ya ukingo wa picha. Udhaifu wake ni kwamba yeyote mwenye mashine ya rangi anaweza kuiiga mchana mmoja.

Ya pili ni kadi ya plastiki iliyochapwa picha moja kwa moja. Ni ngumu zaidi kuichezea na hudumu siku zote za maonyesho. Inahitaji mashine maalumu, na mwandaaji mdogo hana sababu ya kuinunua, kwa kuwa atakodi huduma.

Ya tatu ni alama ya mraba inayosomwa kwa simu. Hapa kadi yenyewe si ushahidi tena. Ushahidi uko kwenye orodha iliyomo ndani ya simu ya mlinzi. Mtu akiipiga picha beji ya mwenzake na kuja nayo, wa kwanza kusomwa ataingia na wa pili atakataliwa. Faida yake kubwa ni kumbukumbu, maana kila aliyeingia huandikwa na saa yake. Udhaifu wake ni mtandao na umeme. Mfumo unaohitaji intaneti kwa kila anayepita utasimama watu wakiwa wengi, kwa sababu watu wakiwa wengi ndipo mtandao nao hulemewa. Kabla ya kusaini mkataba, mnunuzi aulize swali moja: mtandao ukikatika saa mbili asubuhi, geti litaendelea kusoma? Jibu likianza kwa maelezo marefu, atafute mwingine. Na hata jibu likiwa ndiyo, orodha iliyochapwa kwenye karatasi ikae mezani getini.

Ya nne ni chipu iliyomo ndani ya kadi au mkanda wa mkononi, ambayo husomwa kwa kugusisha tu. Wakazi wa Dar es Salaam wanaijua namna hii ya kugusisha kadi kupitia N-Card, inayotumika kwenye kivuko cha Magogoni na Kigamboni na pia Uwanja wa Benjamin Mkapa. Ni ya haraka, na ni ngumu kuigiza. Bei yake huanza kuwa na maana pale watu wanapokuwa maelfu, au pale mkanda ule ule unapotumika kulipia vinywaji.

Kosa la kawaida ni kupanda ngazi bila daftari. Chipu iliyotolewa kwa mtu asiyestahili itafungua mlango upesi kuliko karatasi.

GETINI KUNA WATU

Vyombo vyote hivyo hukutana na mlinzi aliyesimama tangu alfajiri, na mbele yake yupo mtu mwenye suti anayeuliza, "Unanijua mimi ni nani?" Hakuna mashine inayojibu swali hilo. Linajibiwa na utaratibu. Mlinzi asipewe kazi ya kubishana. Pembeni ya geti, hatua kadhaa nje ya foleni, kuwe na meza ya matatizo yenye mtu mwenye mamlaka na daftari la pili. Mwenye shida yoyote hupelekwa huko kwa heshima, na foleni huendelea. Aliyeamua kumruhusu huandika jina la mgeni, sababu na jina lake mwenyewe. Watu wengi wenye suti hupoteza hamu pindi kalamu inaposhikwa.

Zaidi ya hasara ya mali, geti baya linaua. Machi 21, 2021, wananchi walipofurika Uwanja wa Uhuru, Temeke, kumuaga Rais Magufuli, watu 45 walipoteza maisha katika mkanyagano. Mei 28, 2023, siku ya mchezo wa fainali kati ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alifariki katika msongamano wa kuingia Uwanja wa Mkapa. Agosti 2025, wakati wa mashindano ya CHAN yaliyoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda, shirikisho la soka la Afrika, CAF, liliiwekea Kenya masharti ya kupunguza idadi ya watazamaji Kasarani baada ya watu kupita mageti kwa nguvu.

Uhusiano wa matukio hayo na beji ya muuza juisi ni huu: wafanyakazi wasipite mlango mmoja na umma. Toroli la soda likikwama katikati ya foleni ya watazamaji, au walinzi watatu wakishughulika na vibarua wasio na beji, msukumo wa nyuma hausubiri. Mlango wa wafanyakazi uwe upande wake, ufunguliwe mapema, na vibarua wawe wamekwisha kuingia kabla umma haujaanza kufika. Milango ya kutokea nayo ibaki huru wakati wote, kwa sababu siku ya moto au taharuki, udhibiti wa kuingia hauna kazi tena.

NAKALA ZA VITAMBULISHO ZINAKWENDA WAPI?

Katika majengo mengi ya ofisi Posta, mgeni huacha kitambulisho chake mapokezi na kupewa kadi ya mgeni. Waandaaji wa shughuli wameuiga utaratibu huo, na wengine hukusanya nakala za vitambulisho vya Taifa kwa ajili ya kutengeneza beji. Shughuli ikiisha, nakala hizo hubaki kwenye boksi la karatasi, na boksi huenda kufungia maandazi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, imebadilisha hesabu hiyo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kukusanya zile tu zinazohitajika kwa kazi iliyotajwa, kuzilinda, na kutozihifadhi kupita muda unaohitajika. Kwa mwenye biashara ya beji, maana yake ni kwamba jina, picha na namba ya simu mara nyingi vinatosha. Namba ya kitambulisho cha Taifa ichukuliwe pale tu inapotakiwa kweli, na nakala zichanwe au zichomwe shughuli ikiisha. Kitambulisho halisi cha mtu kisishikwe kama rehani. Kikipotea kwenye droo la mlinzi, mwenyewe atahangaika nacho benki na kwenye laini ya simu kwa muda mrefu.

HESABU YA MWEKEZAJI

Je, kuna fedha hapa? Kwa mwandaaji, hesabu ya mfano inatosha kuonyesha ukubwa wa uvujaji. Chukua maonyesho ya siku 16, kama yalivyokuwa ya Sabasaba ya mwaka 2025 kuanzia Juni 28 hadi Julai 13. Tuseme yana mabanda 400, na kila banda linatumia beji mbili za ziada kuingiza jamaa wasiofanya kazi. Hao ni watu 800 kwa siku. Kiingilio kikikadiriwa kuwa Sh. 3,000, ni Sh. 2,400,000 kila siku, na kwa siku zote 16 ni Sh. 38,400,000. Hata kama nusu yao wasingekuja kwa kulipa, zaidi ya Sh. milioni 19 zingebaki kwa mwandaaji, na kiasi hicho kingelipa makarani na kadi nyingi.

Kwa mwekezaji mdogo, tahadhari ni moja. Mashine ya kuchapa kadi huvutia kwa sababu inaonekana na inashikika, lakini kazi yake ni ya msimu, ushindani wa bei ni mkali, na yeyote anaweza kuinunua. Faida ya kudumu iko kwenye kusimamia orodha: kupokea majina, kuyakagua, kutoa beji, kusimamia meza ya matatizo, na kumkabidhi mwandaaji taarifa ya nani aliingia na beji ngapi hazikurudi. Huduma hiyo inauza uaminifu, na mteja akiuamini hatabadilisha kampuni kwa tofauti ya shilingi chache. Malipo ya awali yachukuliwe kabla ya kazi kuanza, kwa maana shughuli ikiisha mwandaaji naye huwa na orodha yake ya wanaomdai.

KABLA YA KUFUNGUA BANDA

Mfanyabiashara anayejiandaa kwa maonyesho yoyote anaweza kujikagua kwa mambo sita. Idadi ya beji alizoomba iwe sawa na idadi ya watu wake. Kila beji iwe na jina, picha, sehemu na siku. Daftari liwe na sahihi ya kupokea na ya kurudisha. Getini pawe na mfano wa sahihi yake kwa ajili ya mizigo. Wafanyakazi waambiwe mapema kwamba kuazimisha beji ni kosa, na waambiwe la kufanya ikipotea bila kuogopa kukatwa posho, kwani anayeogopa huficha. Na siku ya mwisho, meza inayotoa bahasha za posho iwe ndiyo hiyo hiyo inayopokea beji, moja baada ya nyingine, kwa namba.

Zikitoka saba, zirudi saba. Zikirudi sita, namba ya saba ifutwe kabla lori la mwisho halijapakia mzigo.